Mikisa iko jukwaani, mimi niko nyuma na masufuria

Watu wakinikuta kwenye harusi hapa Tanga huwa wananionea huruma, wanadhani nimefukuzwa ukumbini. Wageni wote wako mbele, kamera ziko mbele, skrini iko mbele, alafu mimi nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, laptopu juu ya meza ya plastiki, moshi wa kuni unanipiga machoni, na kila mpishi anayepita ananiuliza "kaka umekula?" Nimekula. Nimekula mara tatu, na katlesi za watu wa mbele nazo zimeanzia kwangu kabla hazijafika kwao. Hiyo ndo faida ya kwanza ya kukaa huku na msinilaumu.

Lakini kazi ndo naifanya hapohapo. Mikisa ya video iko kule jukwaani pembeni ya projekta, haina mtu, na mimi naiendesha kutoka kwenye kompyuta hii ya huku nyuma. Kwa msioijua, mikisa ni kile kisanduku chenye vitufe vingi kinachopokea kamera zote, unachagua ipi iende kwenye skrini, na hapo katikati unatia mbwembwe zako, picha moja inayeyukia kwenye nyingine, rangi zinageuka, jina la maharusi linapita chini, mambo hayo.

Zamani nlikuwa nakaa nayo palepale mbele. Mateso matupu. Mama bi harusi anakuja, "baba inama kidogo watu hawaoni." Nainama. Shangazi wa bwana harusi ametoka na noti zake anakwenda kutunza, anajikwaa kwenye waya wangu, noti zinamwagika, inakuwa kesi. Mtaniuliza sa si ungeihamisha mikisa yenyewe nyuma? Ndo nilivyofikiri na mimi, kumbe kebo za picha hazipendi safari. HDMI ya kawaida ikishapita mita 10 au 15 inaanza kuleta vinyotanyota, mara picha ipo mara haipo, na ukumbi mwingi wa hapa kutoka jukwaani mpaka mlango wa jikoni ni zaidi ya hapo sana. Waya wa lan, ule wa kuunganisha kompyuta, wenyewe unakwenda mita 100 na hauna neno. Picha ni mzigo mzito, amri ni kikaratasi tu, kwa hiyo mzigo nikauacha ubaki kule na kinachotembea ukumbini kikawa kikaratasi.

Sasa nirudi nyuma kidogo maana hili sikulijua siku moja.

Mikisa yangu ya kwanza ilikuwa Edirol V-4, mtumba wa Kariakoo, kitu cha enzi za waya wa njano, kamera nne zinaingia na ina efekti zake mle ndani, picha kuwa negativu (cheusi kinakuwa cheupe, cheupe cheusi), kuwa vigae vigae, kupepesa kama taa ya disko. Edirol ni jina walilokuwa wanatumia Roland, walewale wa vinanda. Kwa nyuma ina tundu la duara la pini 5 ambalo mimi kwa miezi mingi nilidhani ni la umeme wa kitu fulani. Aliyenifumbua macho ni mpiga kinanda wa kikundi kimoja cha taarab, tulikuwa shughuli moja maeneo ya Chumbageni tunasubiri jenereta, akaja kuangalia mtambo wangu akacheka sana. "Hilo ni tundu la MIDI bwana, hata kinanda changu kinalo, mi na wewe tunaweza kuunganisha, nikipiga noti picha yako inageuka rangi." Nikamwambia acha utani. Akatoa kebo kwenye mkoba wake, jenereta ilipowaka tukachomeka, akapiga vinoti kadhaa na kweli picha ikaruka.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma tu. MIDI ni lugha ya vyombo vya muziki kuongea, ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, walipounganisha kinanda cha Sequential Circuits na cha Roland, kampuni mbili tofauti, ukipiga hiki kinalia na kile. Wanaotajwa sana ni Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi mwanzilishi wa Roland, mwaka 2013 wakapewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo, yani miaka 30 baadaye. Sa kama Roland ndo wenye lugha, si ajabu mtambo wao wa video nao ukaijua.

Na lugha yenyewe ni fupi kuliko mnavyofikiri. Ujumbe mmoja wa kawaida ni baiti 3. Ya kwanza inasema nataka nini na nasema na chombo namba ngapi (kuna chaneli 16), ya pili inasema kitufe gani, ya tatu inasema kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 127. Basi. Ile fimbo ya kufifisha picha kwenye mikisa, ukiituma 0 uko kamera hii, 127 uko kamera ile, 64 zimechanganyika nusu kwa nusu. Waya wake unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa leo hiyo ni konokono, ila kwa vile ujumbe ni mfupi unafika kabla milisekunde moja haijaisha. Namba za vitufe vyote ziko kwenye jedwali kurasa za mwisho za kitabu cha mtambo, zile kurasa ambazo wote tunazirukaga. Mi cha kwangu kilikuja bila kitabu nikashusha mtandaoni.

Kasoro ni kwamba na waya wa MIDI nao ni mfupi, mita 15 ndo mwisho wake kwa utaratibu. Kwa hiyo nilifanya hivi: laptopu moja ya zamani ikae jukwaani, imeungwa na mikisa kwa kebo ya USB ya kwenda MIDI, laptopu ya pili nikae nayo mimi, na hizo laptopu mbili ziongee kwa mtandao. Ipo njia ya kuisafirisha MIDI ndani ya mtandao wa kawaida, kwenye Mac imo humohumo ndani, kwenye Windows unashusha programu ya rtpMIDI, ya bure. Ila ujue faiawoli ya Windows, yule mlinzi wake wa mtandao, itakusumbua, rtpMIDI inatumia milango ya 5004 na 5005, ukisahau kuifungua hiyo utakaa siku nzima unatazama laptopu mbili zinaonana na hazisalimiani, kama majirani waliogombana.

Nilijaribia nyumbani sebuleni. Mikisa juu ya meza ya chakula na tivii ya mama imeungwa, mimi niko chumbani na laptopu, nimefunga mlango ili nijidanganye kwamba niko mbali. Nikasukuma fimbo kwenye skrini yangu taratibu. Kimya. Alafu nikasikia sauti ya mama kutoka sebuleni.

"We nani anabonyeza hiki kitu?"

"Mimi mama."

"Uko wapi?"

"Chumbani."

Kimya tena. "Hebu njoo ukitoe hapa, mimi nataka kuswali."

Basi nikaona nishakuwa mtaalamu, na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Shughuli yenyewe ilikuwa kubwa, ukumbi mmoja upande wa Raskazone, watu kama mia tatu hivi. Nimepanga kila kitu, laptopu zinaongea kwa waifai kutoka kwenye ruta yangu ndogo, mchana ukumbi ukiwa mtupu nimejaribu mara ishirini inakubali. Usiku watu wakajaa, simu mia tatu mfukoni, kila moja inatafuta waifai, na mle ndani hewa yote ikawa imechafuka. Maharusi hawajaingia, kijana mmoja wa bendi anapasha ngoma nikasema ngoja nichangamshe skrini, nikawasha negativu sekunde mbili tatu. Ikawaka. Nikazima. Haikuzimika.

Nikabonyeza tena, haikuzimika. Nikabonyeza kama kichaa. Na MC naye, hata sijui alitokea wapi, akashika kipaza sauti, "naomba tutulie, ustadhi atufungulie kwa dua." Watu wote wakainua mikono, kamera yangu namba moja inamtazama ustadhi, na kwenye skrini ya futi kumi kule juu ustadhi ana uso wa rangi ya majivu na ndevu za kung'aa, kanzu yake nyeusi tii, mboni za macho nyeupe, nyuma yake wazee wa pande zote mbili wako vilevile kama wametoka kaburini kuja kuitikia amin. Nikaanza kukimbia. Sasa ukimbieje ukumbi mzima umesimama unaomba dua? Nilipita ukutani kama mwizi, na njiani nilimsikia bibi mmoja anamwambia mwenzake, "hawa siku hizi wanachukua na majini humohumo."

Nilifika ustadhi anamalizia. Nikazima kwa kidole.

Mnajua mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Ujumbe wangu wa kuwasha ulikuja, wa kuondoka haukutoka. Ndo kilichotokea, hakuna jini. Waifai ilikatika katikati ya zile sekunde tatu, amri ya kuwasha imeshafika, ya kuzima imepotea njiani, na mikisa yenyewe haina habari, imeambiwa washa imewasha, inasubiri. Wapiga vinanda wanalijua sana tatizo hili, kwao noti inalia tu haikomi mpaka uzime chombo. Programu ile ina ujanja wa kufidia ujumbe mmojammoja unaopotea, lakini mawasiliano yakikatika kabisa inafidia nini.

Na kilichoniuma zaidi sio kukatika. Laptopu yangu ilikuwa inanionyesha kitufe kimezimwa! Kitufe cha kijivu kabisa, safi. Kwa sababu ile njia niliyoifunga ilikuwa ya kutuma tu, kile kitufe kinaonyesha nilichokiomba mimi na wala hakijui hali ya mtambo kule. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani alafu ukaandika kwenye daftari "sukari ipo" kabla hajarudi, na mtoto yuko njiani anacheza gololi.

Kuanzia siku ile nikawa na sheria zangu na dogo ninayefanya naye kazi anazijua kwa kichwa. Amri hazipiti hewani, zinapita kwenye waya, mita 50 za waya wa lan tunazibandika na gundi ya karatasi pembeni ya ukuta shangazi asijikwae tena. Ruta ni yetu na haina intaneti hata kidogo, mgeni akiomba paswedi anaambiwa hakuna mtandao na sio uongo. Kila mtambo una anwani yake ya IP ya kudumu (namba ya kuutambulisha kwenye mtandao) niliyoiandika kwa maka peni kwenye plasta na kuibandika juu yake, maana ukiiacha ruta igawe yenyewe, umeme ukikatika na kurudi inaweza kugawa upya na unabaki unaongea na mtambo mwingine kabisa. Na kwenye laptopu yangu kuna kitufe kikubwa chekundu, dogo amekiita "subhanallah", ukikibonyeza kinatuma 0 kwa kila efekti, mara tano mfululizo, hata kama zote zinaonekana zimezimwa.

Lakini kubwa kuliko zote ni jicho. Nilikuwa nimejenga mkono mrefu wa mita 50 nikasahau jicho la kwenda nao! Nilikuwa naitazama skrini ya ukumbini kwa mbali kupitia mabega ya watu, mtu mrefu akisimama mbele yangu basi naendesha kwa kukisia. Siku hizi siwashi amri yoyote kabla picha inayotoka kwenye mikisa haijanifikia mezani. Kuna visanduku viwili vya bei rahisi vinauzwa, kimoja kinaigeuza HDMI iingie kwenye waya wa lan, cha pili huku mwisho kinairudisha kuwa HDMI, naweka na kigawio pale kwenye projekta ili picha moja iende kwa wageni moja ije kwangu. Kwa hiyo ukutani zinapita waya mbili zinafanana kabisa, moja inapeleka amri moja inaleta picha. ANGALIZO, vile visanduku vya aina yangu vinataka waya wao peke yao kutoka hiki mpaka kile, ukichomeka kwenye ruta hupati kitu. Dogo alichomeka mara moja tukapoteza saa nzima tunalaumu kebo.

Baadaye nikapata hela nikahamia ATEM Mini Pro ya Blackmagic, na hapa nataka niseme kitu maana wengi mnaniuliza kama ile V-4 na hii ni kitu kimoja. Kazi ni ileile, tofauti iko kwenye mazungumzo. Hii ina tundu la lan lake mwenyewe, haihitaji laptopu ya pili kule mbele, unaweka programu yake ya bure kwenye kompyuta yako, unaiambia anwani ya mikisa (ikitoka kiwandani huwa 192.168.10.240, ukiona haionekani angalia kwanza kama laptopu yako iko kwenye 192.168.10 hiyohiyo), na vitufe vyote unavyo. Ila utamu wake ni kwamba mtambo unajibu. Dogo akigusa kitufe cha kamera 2 kule jukwaani kwa kidole, kwangu huku namba 2 inawaka nyekundu. Kitufe kikiwa chekundu kwangu ni kwa sababu mtambo wenyewe umesema niko nyekundu. Na waya ukichomoka programu inaniambia kabisa mawasiliano hakuna, hainipi kitufe cha kijivu cha uongo.

Programu hiyo inaonyesha vitufe tu lakini, haionyeshi picha. Jicho bado ni la kujinunulia.

Na ina jambo jingine la kuangalia, haiombi paswedi. Yeyote aliyemo kwenye mtandao uleule akiwa na programu anaingia na kuendesha. Hilo lilinikuta kwa upande ambao sikuutegemea. Tunafanya pia shughuli za kina mama, singo na kupamba, ambazo mwanaume haingii. Pale kamera wanashika madada, na huku nyuma anakaa dada yangu, mimi nafunga mitambo asubuhi ukumbi ukiwa mtupu naondoka zangu. Sasa siku moja mama mwenye shughuli akaniita pembeni kabla sijatoka, mama wa makamo, mtaratibu, akaniuliza, "mwanangu, hii waya inayokuja huku nyuma, wewe ukiwa hapo nje kwenye gari huwezi kuona?" Nikasema hapana kwa haraka haraka, alafu nikajisikia vibaya maana jibu la kweli ni kwamba nikiunga kisanduku cha kupokea picha na skrini kwenye waya ule naona, kwa nini nisione, na nikichomeka laptopu yangu naendesha. Nikarudi nikamwambia ukweli. Akanitazama sana. Mwisho tukakubaliana laptopu yangu na kisanduku changu cha akiba vikae kwake, akaviweka chini ya kiti chake akavifunika na kanga usiku kucha. Sasa hivi ndo utaratibu wetu kwa shughuli zote za kina mama, nasema mwenyewe kabla sijaulizwa, na nimepata kazi nyingi kwa hilo kuliko kwa efekti.

Mnaoniuliza kuhusu kuendesha kutoka mbali kabisa, nje ya ukumbi, kwa intaneti, nimefanya mara moja. Nilikuwa na homa, siwezi kusimama, shughuli imeshalipiwa. Dogo akafunga laptopu kule ukumbini, ikapata intaneti ya simu, mikisa imeungwa nayo kwa lan na pia kwa USB kama vile ni kamera ya kompyuta, na mimi kitandani nikaingia kwenye laptopu ile kwa AnyDesk, kwa hiyo naona picha na vitufe mahali pamoja. Inawezekana. Ila kila kitu kinakuja kimechelewa kidogo, nusu sekunde, wakati mwingine moja, na nusu sekunde ukiisikia ni ndogo mpaka uwe unajaribu kubadilisha kamera na pigo la ngoma. Unaona mkono umeshuka kwenye ngoma, unabonyeza, kumbe kule mkono ulishashuka, ukapanda, ukashuka tena. Dua, hotuba, kukata keki nilifanya mimi. Ilipofika rusha roho nikampigia dogo nikamwambia mwanangu shika mwenyewe kwa vidole, mimi nalala. Na msije mkajaribu kutazamia kwenye laivu ya YouTube kama jicho lenu, ile inachelewa sekunde nyingi sana, utakuwa unatoa amri kwa harusi iliyopita.

Ile V-4 sijaiuza. Iko kabatini na wale vijana wa singeli wakiniita naitoa, maana ile picha yake ya kupepesa hii ATEM haina, na kwa singeli hakuna atakayelalamika ikigoma kuzimika.

Jumamosi hii tuko Mikanjuni, ukumbi mrefu kuliko tulivyozoea. Jana nimekunjua zile mita 50 kumbe panya ameutafuna waya wa amri sehemu mbili, wa picha hajaugusa. Nakwenda Ngamiani kununua vichwa vya lan na koleo, na nikirudi namtafuta huyo panya.